Utafiti Usiotaja Mvua

Somo la kutaja vyanzo hupangiwa saa nane mchana, mara baada ya ugali na maharage, na sijawahi kulalamika kwa sababu hata asubuhi nisingepata wasikilizaji. Mimi ni mkufunzi katika chuo cha ualimu hapa Kasulu. Kazi yangu ni kuwafundisha watu ambao kesho watafundisha watoto kwamba mtu akiandika jambo alilolipata kwa mwingine, aseme kalipata kwa nani, lini na wapi. Ukilieleza hilo kwa dakika tano kila mtu anaafiki. Ukilieleza kwa saa mbili kila mtu analichukia.

Kila mwaka naandika ubaoni "ukusanyaji wa data," na kila mwaka darasa linacheka, isipokuwa wageni wa mikoa mingine ambao hubaki wakitazamana. Kwa Kiha, kama ilivyo kwa Kirundi, data ni baba. Basi mtu mzima mwenye shahada mbili nasimama mbele ya vijana nikiwaagiza waende vijijini wakakusanye baba, wawapange kwenye jedwali, kisha wawachambue. Zamani nilikuwa nakasirika nikidhani wananicheka mimi. Baadaye niligundua kwamba walikuwa wananicheka mimi kweli, ila kwa sababu nyingine.

Marejeo wanayoniletea nayo yana vituko vyake. "Chanzo: Google." "Chanzo: simu ya mwenzangu." Mmoja aliandika "Chanzo: kichwa changu," nikampa nusu alama kwa ukweli wake. Na kuna lile la Nduta, kambini, upande wa kwetu Kibondo, nilikopelekwa kuwapiga msasa walimu wakimbizi. Mwanamume mmoja mpole, aliyechanganya Kiswahili na Kifaransa kama anayechanganya chai na maziwa, aliniletea insha safi kuhusu kufundisha watoto kusoma. Kwenye marejeo aliandika: "Kitabu changu cha kijani kilichobaki nyumbani. Ukurasa sikumbuki, ila ni wa kushoto." Kanuni inadai mwandishi, mwaka na mchapishaji. Nilikaa na kalamu nyekundu juu ya mstari ule, kisha nikauacha. Mwandishi, mwaka na mchapishaji vilikuwa ng'ambo ya mpaka, Burundi, na mwenyewe hakujua kama nyumba ile bado ina paa.

Tasnifu yangu mwenyewe, niliyoiandika Dar es Salaam, ina marejeo ya kurasa nyingi, na kati ya wote niliowataja hakuna hata mmoja niliyewahi kula naye. Nakala moja nilimpelekea mama Kibondo. Hajui kusoma. Aliifunika kwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono na kuiweka juu ya kabati, na wageni wakiuliza ni nini, huwaambia ni ugonjwa niliokwenda kutibiwa Dar.

Mwanachuo ninayetaka kusimulia habari zake alikuwa mama wa makamo kidogo, mwalimu wa shule ya msingi upande wa barabara ya Manyovu, aliyerudi chuoni kutafuta stashahada ili apande daraja. Aliolewa katika familia iliyovuka kutoka Burundi miaka mingi iliyopita, ikalima, ikazaa, ikapewa uraia. Kijiji chao hakiko mbali na ilipokuwa kambi ya Mtabila, ambako leo ukipita huwezi kujua walikaa watu wangapi. Mumewe yuko kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita na hurudi mwisho wa mwaka. Nyumbani aliacha mke, watoto, baba yake mzee, na shangazi yake, yaani dada wa huyo mzee.

Utafiti wake ulihusu namna wakulima wa kijijini kwao wanavyojua wakati wa kupanda maharage. Nilipousoma niliona kuna kitu kimekosekana, lakini ilinichukua kurasa kadhaa kukigundua. Mlikuwa na upepo unaogeuka kutoka milima ya mpakani, mlikuwa na vyura, kumbikumbi, na rangi ya mawingu juu ya Manyovu. Neno mvua halikuwemo. Halikuwemo hata kwenye kichwa cha habari. Badala yake palikuwa na "maji ya juu." Maji ya juu yakichelewa. Maji ya juu ya kwanza. Wingi wa maji ya juu kwa mwaka. Na karibu kila jambo zito katika utafiti ule lilikuwa limesemwa na mtu mmoja aliyeitwa "mzee wa nyumbani," basi, bila jina.

Sikuhitaji kuuliza. Mama yangu hajawahi kwenda sokoni. Tangu aolewe amekuwa akienda "kwenye makelele," kwa sababu jina la baba mkwe wake limebeba neno soko, na mke hatamki jina la mkwe wake, wala la ndugu za mkwe, wala neno lolote linalogongana nalo. Hakuna anayekamatwa kwa kulitamka. Ni adabu tu, na wasichana wengi wa siku hizi wameiacha. Nilipokuwa darasa la pili mwalimu aliniuliza mama yuko wapi, nikajibu yuko kwenye makelele, nikachapwa kwa kumtania mwalimu. Kwa hiyo niliposoma "maji ya juu" nilijua kwamba baba mkwe wa mwanachuo wangu ana jina lenye mvua ndani yake, na kwamba mzee wa nyumbani ndiye yeye.

Lakini utafiti husomwa na watu wawili. Msahihishaji wa pili alikuwa mkufunzi mwenzangu, binti wa mjini hapa hapa Kasulu, wa familia ya Waislamu wenye maduka ambao babu yao alikuja na biashara kutoka pwani. Kiswahili chake kinatufanya sisi wengine tuonekane tumekiazima. Aliniletea ule utafiti umejaa duara nyekundu, kila "maji ya juu" na duara lake, akauweka mezani kwangu.

"Mwenzangu, huyu mzee wa nyumbani ni wa nyumba ya nani?"

"Ni baba mkwe wake."

"Baba mkwe wake hana jina?"

"Analo. Ndiyo shida yenyewe."

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, hata lile la makelele, akacheka mahali pa kucheka. Kisha akasema, "Mimi pia nina mkwe, na Mungu ndiye anajua sababu zangu za kutomtaja. Lakini nikitaka kumuuliza huyu mzee kama kweli kasema haya, nigonge mlango gani?"

Swali hilo ni langu. Ndilo ninalowauliza wanachuo kila mwaka, saa nane mchana, na mkono wangu ukigonga ubao. Chuo hakitambui mahojiano na mtu asiyejulikana. Mahojiano yakiondolewa, utafiti unabaki kurasa za utangulizi. Utafiti usipopita, yule mama harudi shuleni kwake na stashahada, anarudi na deni la mwaka mzima aliowaacha watoto. Tulikuwa na mpaka mwisho wa mwezi.

Nilikumbuka upenyo mmoja katika kanuni. Msailiwa akiomba jina lake lifichwe, linafichwa, na hakuna atakayeuliza zaidi. Nikamwita yule mama, nikamkalisha, nikamuuliza taratibu, karibu nimtilie jibu mdomoni, kama mzee hakuomba afichwe.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Analitaka."

Akaeleza. Kila akirudi nyumbani mzee humuuliza kama jina lake limo kwenye kile kitabu. Yeye humjibu kwamba yote aliyoyasema yamo. Mzee humwambia sikukuuliza hilo. Mzee huyo alisema jina lake limeandikwa sana maishani: alipovuka mpaka, alipogawiwa unga, alipoombewa uraia, na kila karani aliliandika kivyake. Wote walitaka kujua anakula na watu wangapi. Hii ndiyo mara ya kwanza anaandikwa kwa jambo analolijua.

Nilimwambia, kwa sauti ya msomi, kwamba kuandika si kutamka. Aliandike mara moja tu, kwa ajili ya mtihani.

"Mama yako angeliandika?"

"Mama yangu hajui kuandika."

"Angekuwa anajua."

Nikatafuta kitu cha kupanga juu ya meza.

Tukampigia simu mumewe, Geita, atutajie yeye hilo jina. Akasema kwa unyenyekevu kwamba hata yeye hana uhakika linaandikwaje, kwa kuwa kwenye cheti chake cha shule liko hivi na kwenye kitambulisho cha mzee liko vile, na mzee mwenyewe hukataa yote mawili. Akatushauri tumuulize mwenye jina. Nilipompelekea mwenzangu habari hizo nilitegemea atapandisha mabega. Akasema, "Haya. Jumamosi tukaugonge huo mlango."

Alhamisi ujumbe uliingia kwenye simu yangu nikiwa ofisi ya wakufunzi. "Mwalimu, data anaumwa sana." Naona aibu kusema kwamba kwa nukta moja nzima niliwaza kompyuta. Nikamwonyesha mwenzangu, naye akauliza data ikiumwa ndiyo nini. Nikamwambia ni baba, wakwe nao huitwa hivyo. Akachukua funguo za gari lake. Jumamosi ikawa siku ile ile.

Alituendesha kwa barabara ya Manyovu, akiyalaani malori ya mpakani kwa Kiswahili fasaha, mpaka tulipoiacha lami na kuingia udongo mwekundu kati ya migomba na mashamba ya maharage. Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati. Mzee alilazwa sebuleni, kitanda kimesogezwa mlangoni, kwa sababu alikataa kulala mahali asipoona mawingu. Alikuwa amekonda mpaka mikono yake ilionekana ya mtu mrefu zaidi yake. Dada yake, bibi aliyejifunga kitambaa kichwani, alikaa miguuni pake akifukuza nzi.

Hakuwa mzee mpole. Alituuliza kwanza kama tumekula, kisha akamgeukia mwenzangu na kumuuliza ni wa ukoo gani. Alipotajiwa duka la babu yake pale mjini, akasema lile duka liliwahi kumuuzia jembe lililovunjika msimu huo huo.

"Babu yangu ameshafariki, mzee wangu," alisema mwenzangu.

"Jembe nalo."

Bibi alicheka kwanza, nasi tukafuata. Mkwe alikuwa ametuletea viti na maji. Mwenzangu alifungua daftari, akauliza, "Jina lako nani, mzee wangu?" Mara yule mama akaweka jagi chini na kutoka nje. Mzee alimsubiri afike mbali.

"Mnamwona?" alisema. "Tangu aolewe hapa, nyumba hii haijawahi kunyeshewa. Maji yanadondoka tu kutoka juu, hatujui ni nini."

Kisha akalitaja jina lake. Mwenzangu akaliandika, akamsomea. Mzee alikunja uso.

"Unalitafuna. Watu wa maduka mna haraka."

"Nisamehe. Nitajie polepole."

Akamtajia silabi moja moja, akipumzika katikati, na mwenzangu akaandika silabi moja moja. Aliposomewa tena alifumba macho akisikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo alipotaka kujua ameandikwa pamoja na kina nani. Mwenzangu akamweleza kuna waandishi wa vitabu, wa hapa nchini na wa nje.

"Wako hai?"

"Baadhi wamekufa."

"Na mnawaandika tu."

"Tunawaandika."

Akageukia mlangoni, kwenye mawingu. Nilidhani amesinzia, nikaanza kujiandaa kuaga. Kumbe alikuwa anamsubiri dada yake. Bibi alipoinuka kwenda kuangalia uji, mzee alituambia kwa sauti ya chini kwamba habari zile za mvua si zake. Alifundishwa na kaka yake mkubwa, aliyelima shamba la juu kule kwao. Siku walipokimbia kaka alibaki nyuma kuwaleta ng'ombe, akasema atawakuta njiani. Hawakumwona tena, wala hawajui amelala wapi. Dada yao kila aliposikia jina hilo aliugua siku kadhaa, kwa hiyo waliacha kulitaja. Ilikuwa imepita miaka mingi pasipo mtu kulitamka katika nyumba ile.

"Muandikeni na yeye," alisema.

Mimi ndiye niliyefungua mdomo kwanza, nikiwa na kanuni mkononi kama mlinzi wa geti na kirungu chake. Nilitaka kusema kwamba haiwezekani kumtaja mtu ambaye mtafiti hakumsikia. Mwenzangu aliniwahi.

"Inawezekana, mzee wangu. Mtu akikuletea maneno ya mwingine, unawaandika wote wawili, aliyesema na aliyeyaleta. Tutaandika jina la kaka yako, halafu: kama yalivyosimuliwa na wewe."

Ni kanuni ya kawaida, imo kwenye kitabu, katika sura ambayo darasa huwa limeshalala. Mzee aliirudia: kama yalivyosimuliwa. Akamwashiria mwenzangu ainame. Jina la kaka alilisema sikioni kwake, na mimi niliyekaa hatua chache sikulisikia. Nililiona baadaye kwenye daftari.

Tulipoaga alimuuliza mwenzangu swali moja tu.

"Mkwe wangu atafaulu?"

"Atafaulu."

Njiani kurudi mwenzangu aliendesha taratibu. Hata malori hakuyasema.

Mzee alifariki kabla ya mwisho wa mwezi. Chuo kilimpa yule mama ruhusa ya msiba, naye alirudi amefunga kitenge cheusi, akaleta utafiti uliosahihishwa kila kitu isipokuwa ukurasa wa marejeo. Huo niliuchapa mimi. Nilivyozoea kuchapa majina ya watu nisiowajua, sikutegemea vidole vitakuwa vizito vile. Niliyahakiki majina yale mawili herufi kwa herufi kwenye daftari la mwenzangu, nikaona pale alipokata kila alipolitafuna. Kuhusu maji ya juu, mwenzangu alipita kwenye duara zake zote na kuandika pembeni "iachwe," moja baada ya nyingine, kwa kuwa hapendi kazi ya jumla. Alidai tu iwepo tanbihi chini ya ukurasa wa kwanza. Nikaandika kwamba mwandishi wa utafiti huu halitamki neno la kawaida la maji hayo kwa heshima ya aliyemfundisha.

Utafiti ulipita. Alama hazikuwa za juu kabisa. Mwenzangu alimkata alama kwa sababu ya jedwali lisilo na kichwa, na nilipomtazama aliniuliza kama nadhani msiba unaondoa jedwali.

Yule mama alikuja kuchukua nakala yake iliyojalidiwa siku ambayo wenzake walikuwa wanapiga picha uwanjani. Aliishika kwa mikono miwili. Hakuifungua. Aliniuliza ni ukurasa gani. Nikamwambia ni wa mwisho kabisa, nyuma ya jedwali, na kwamba kaka mkubwa wa mzee naye yumo. Akatoa pini ya nywele chini ya kilemba chake na kuubana ukurasa ule na jalada la nyuma, akigeuzia uso dirishani, asije akauona kwa bahati mbaya. Mumewe alikuwa amerudi kutoka Geita, alisema, na ndugu wangekutana kumaliza msiba. Wangesomewa.

Nilikutana naye tena muhula uliofuata, alipokuja kufuatilia cheti. Nilimuuliza ilikuwaje siku ile.

Alisema watu walijaa uani. Mumewe alisimama, akatoa pini, akaanza na wenye vitabu, kwa sababu hakujua kama angeweza kuwaruka. Aliwasoma wote, mmoja mmoja, na miaka yao na miji yao, na watu waliinamisha vichwa wakidhani ni marehemu wa ukoo. Yeye alikuwa jikoni na sufuria, mlango ameufunga.

"Sikusikia maneno, mwalimu. Nilisikia sauti tu, inakwenda, inakwenda. Halafu shangazi akalia, nikajua wamefika kwa yule mkubwa."